Picha Mbili za Pua ya Nuru

Ramla alipoitwa shuleni alidhani binti yake amepigana. Alijifunga kikwembe cha heshima, akaenda upesi, huku njiani akitunga maneno ya kuomba msamaha. Lakini Nuru hakuwa amepigana na mtu. Alikuwa ameketi peke yake kwenye benchi la mwisho, kinywa wazi, kamasi zimemkaukia juu ya mdomo, akiutazama ubao kama mtu anayetazama mvua.

Mwalimu alisema mtoto huyo hulala darasani. Akiitwa haitiki, na akiitika hujibu jambo ambalo hakuulizwa. Wenzake walikuwa wamempa jina la Samaki kwa sababu ya kile kinywa kisichofungwa. Mwalimu hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kwa sauti ya chini, akaongeza kwamba wako watoto ambao shule si njia yao, na mama asijichoshe bure. Wanafunzi wa mbele waligeuka wote kumtazama Ramla. Akaifuta pua ya mwanawe kwa ncha ya kikwembe mbele yao, akamshika mkono, wakatoka.

Nyumbani kwao Alunguli, ng'ambo ya mto, walikuwa wameshazoea. Nuru alikoroma tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Wageni waliolala kwao waliuliza asubuhi ni mzee gani yuko chumba cha pili, na watu wakacheka. Bibi yake, Bi Aziza, alimsugua kifua kwa mafuta ya mawese, akamwekea mto wa juu. Baba yake, Musafiri, ambaye alikuwa akisimamia upakuaji wa mizigo bandarini, alisema hata yeye utotoni alikuwa na pua nzito. Hakuna aliyekuwa ameuita ugonjwa. Ila jioni hiyo Ramla alipowasimulia habari ya benchi la mwisho na jina la Samaki, Musafiri aliweka kando sahani yake, akasema Jumamosi watavuka kwenda kwa daktari.

*

Katika kliniki moja ya Kasuku, upande wa pili wa mto, waliwakuta watu wengi. Dokta Didier alikuwa kijana, mwepesi, aliyeanza kila sentensi kwa Kifaransa na kuimaliza kwa Kiswahili. Alimtazama Nuru usoni kidogo tu, akasema anadhani ni vejetasio. Kisha akawaeleza: nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, kila mtoto ana kinyama. Kwa wengine kinyama hicho kinakua mpaka kinaziba njia ya pumzi. Ili kujua, lazima apigwe radio, picha ya kichwa kwa ubavu.

Nuru alipoiona mashine na lile vazi zito la madini ya risasi alipiga ukelele. Wasaidizi wawili walimshika kichwa na mabega, wakamwambia baba amshike miguu. Musafiri aliinama, akaweka mikono juu ya vifundo vya mtoto. Halafu akaiachia. Akatoka nje, akasimama barabarani kati ya watu wa pikipiki. Ramla ndiye aliyemshika mtoto miguu mpaka picha ikapigwa, na uso ulimwaka kwa aibu, kwa sababu wale wasaidizi walitazamana.

Picha ilipotoka, Dokta Didier aliiinua mbele ya dirisha. Mahali ambapo pangekuwa na njia nyeusi ya hewa palikuwa peupe tupu.

"Njia imefungwa yote," alisema. "Tumukate juma hii, hapa hapa. Mutoto wa namna hii anaweza kulala asiamuke."

Walirudi kwa pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto. Ramla alikaa mbele, Musafiri nyuma, mtoto kati yao akiwa amelala kinywa wazi. 

Bi Aziza aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mpenda hadithi na vicheko, ndiyo maana Ramla alitazamia maswali. Lakini mama mkwe wake alisema jambo moja tu: "Kisu hakitaingia tena mu koo ya mutoto wa nyumba hii." Akanyanyuka kwenda kutawadha.

Ramla alijua kwamba mumewe alikuwa na mdogo aliyefariki miaka ya vita, jina lake Soudi. Hakuwahi kuambiwa alikufa kwa nini. Alipomuuliza Musafiri, mumewe alizungumzia mashua iliyotarajiwa kutoka Ubundu.

*

Nyumba iligawanyika kimya kimya. Bi Aziza alipika, akamlisha mjukuu, akamwimbia, ila Ramla alipoingia jikoni alinyamaza. Musafiri aliondoka mapema, akarudi amechoka, akakubaliana na kila aliyezungumza naye. Mkewe akisema mtoto atakatwa, alisema ndiyo. Mama yake akisema hakatwi, alisema ndiyo. Ramla alianza kusogeza mkeka wake karibu na wa Nuru, akisikiliza ule mkoromo, na kila ulipokatika alisubiri urudi huku yeye mwenyewe amebana pumzi.

Mwishowe alirudi kliniki kuomba wasubiriwe, kwa kuwa bibi wa mtoto amekataa. Dokta Didier alikuwa amechoka, watu wamejaa, akamjibu mbele ya wote kwamba wazee wanazika watoto kwa woga wao, na yeye hana muda wa kubembeleza. Mwanamke mmoja kwenye foleni aliguna. Ramla alisema aksanti, akaondoka akiangalia chini.

Alikuwa amefika kwenye geti aliposikia anaitwa. Dokta Didier alikuwa amemfuata, bahasha ya picha mkononi. Alikiri kwamba amesema vibaya. Akamweleza kwamba daktari bingwa wa masikio, pua na koo amefika kwa ndege na atakuwa kwenye hospitali kubwa kwa siku chache. Kama wana shaka, waende huko, wachukue na picha hii. Yeye angefurahi kujua bingwa amesema nini.

Ramla aliipeleka habari nyumbani kama inavyobebwa sufuria ya maji ya moto. Bi Aziza alikataa kwanza, kisha akasema yeye pia atakwenda. Hakuficha sababu. Alitaka kuwapo ili mtu yeyote asimguse mtoto kwa kisu.

*

Daktari bingwa alikuwa mwanamke wa makamo, Dokta Francine, mwenye nywele fupi na sauti ya mtu asiye na haraka. Alikuwa ameagiza mtoto aletwe baada ya chakula cha mchana, saa ya usingizi. Waliingia wote wanne. Ramla alimpa bahasha. Dokta Francine aliiweka mezani bila kuifungua, akaanza kuuliza.

Aliuliza mtoto analala vipi, kama anatupa kichwa nyuma, kama anatoka jasho, kama anakojoa kitandani ilhali ni mkubwa. Aliuliza kama pumzi inasimama usingizini, halafu inarudi kwa kishindo. Ramla alijibu, na kadiri alivyojibu ndivyo alivyoona mambo aliyoyaonea haya peke yake yakipangwa kwenye mstari mmoja, yakawa kitu kimoja chenye jina. Daktari akatazama masikio kwa kitaa chake kidogo, moja, kisha la pili, akarudia.

"Huyu mutoto hasikie muzuri," alisema. "Nyuma ya ngoma ya sikio iko maji. Ile nyama ya nyuma ya pua inafunga tundu ya sikio, maji inabaki ndani. Darasani anasikia kama mutu mwenye kuzama mu mto."

"Si mujinga?" Ramla aliuliza.

"Hapana, mama. Hasikie tu."

Ramla aligeuka upande wa ukuta, akajipangusa macho.

Dokta Francine alimwomba Nuru afungue kinywa. Akamulika ndani, akaeleza kwamba anatazama kimio, kile kilimi kinachoning'inia kooni, kama ni kimoja au kimegawanyika, kwa sababu wako watoto ambao paa la kinywa chao halikufunga vizuri, na hao ukiwatoa ile nyama sauti yao inaharibika. Alivaa glavu aguse paa hilo kwa kidole. Hapo Bi Aziza akasimama.

"Usiguse kimio yake."

Daktari aliutoa mkono. Hakukasirika. Akavuta kiti, akaketi mbele ya mwanamke mzee, akamuuliza kwa nini.

Bi Aziza alisimulia akiwa amesimama. Ilikuwa wakati ule mji umezungukwa, gari-moshi halifiki, chumvi imekuwa kama dhahabu, na hospitali haina hata pamba. Soudi, kitinda mimba wake, alikohoa bila kupona. Watu wakasema kimio kimerefuka, kikatwe. Akaletwa mtu aliyekuwa akikata vimio vya watoto, mtu mwenye sifa, aliyefanya kwa kupapasa, kijisu kimepindwa kama mundu. Asubuhi alikata. Damu haikukoma. Walimpa mtoto majani, walimpa maji baridi, wakamkalisha, wakamlaza. Risasi zilikuwa zikilia upande wa uwanja wa ndege, hapakuwa na mtu wa kuwavusha mto. Alasiri Soudi alikuwa amekwisha.

"Mimi njo nilimushika miguu," Musafiri alisema kutoka mlangoni. Sauti yake ilitoka ndogo. "Waliniambia nimushike kwa nguvu, nikamushika."

Ramla alimtazama mumewe, akaelewa kwa nini alikimbilia barabarani siku ile ya radio.

Bi Aziza akasema kwamba tangu hapo alijua damu ya ukoo wao haikomi. Ndiyo maana hakuruhusu mtu wa nyumba yake ang'olewe jino wala kudungwa jipu. Watu walimwita mwoga, akawaacha waseme.

Dokta Francine alivua glavu. Halafu akauliza swali lililomfanya Bi Aziza akunje uso.

"Soudi alikuwa ametahiriwa?"

"Sisi ni Waislamu," Bi Aziza alijibu kwa ukali. "Alitahiriwa. Na huyu kaka yake, siku ile ile."

"Alitoka damu nyingi?"

 Mwanamke mzee aliangalia sakafu kama aliyedondosha kitu. "Kidogo tu," alisema. "Kama watoto wote. Alipona akakimbia mbele ya huyu mukubwa."

Daktari akaendelea taratibu. Meno ya utoto yalipotoka, je? Akianguka, alivimba mabaka meusi? Na Musafiri? Na Nuru akichubuka? Kwa kila swali Bi Aziza alijibu hapana, na kila hapana ilitoka polepole kuliko ya kabla.

"Mama," Dokta Francine alisema, "mutu mwenye damu yenye haikome, tohara njo inamuonyesha wa kwanza. Damu ya mutoto wako ilikuwa muzuri. Ile kisu ilikata mushipa, mu mahali mutu hakukuwa anaona, na siku ile hakukuwa wa kumusaidia. Hata mimi ningekufa."

Bi Aziza aliketi. Hakulia. Aliuliza tena, kana kwamba hakusikia vizuri, kama ni kweli kwamba si damu yao. Daktari alisema hivyo ndivyo anavyoamini, lakini hataki aaminiwe kwa maneno matupu: atampima Nuru damu, waone inaganda vipi. Bila jibu la damu hatamkata mtu.

*

Ndipo Dokta Francine akaifungua bahasha. Aliiinua picha, akauliza kama mtoto alikuwa analia.

Ramla alisema alilia mpaka sauti ikamkauka.

Daktari akawaonyesha kwa kidole. Mtoto akilia, au akimeza, ile sehemu laini ya paa la kinywa inapanda, inajibana nyuma, na picha inaonyesha ukuta mahali palipo na mlango. Aliyepiga hakufanya dhambi, ila picha hii ni ya kilio, si ya pua. Irudiwe.

Nuru aliposikia radio alijificha nyuma ya mama yake. Mpigaji wa picha, Mardochée, alitazama huku na huku akitafuta watu wa kumshika. Bi Aziza akasema hapana haja. Akauliza yeye atasimama wapi, akaambiwa nyuma ya kioo kile. Akasimama hapo, akaanza kusimulia juu ya mbuzi aliyeingia msikitini siku ya Ijumaa akala kofia ya muadhini, na muadhini akamfukuza kichwa wazi mpaka sokoni. Alikuwa akisimulia kwa sauti kubwa ili mtoto mwenye masikio ya maji amsikie, na hospitali nzima ikasikia. Nuru alisimama kwa ubavu, kidevu sawa. Mardochée alimwambia afunge kinywa avute pumzi kwa pua ili amnuse yule mbuzi. Nuru akafunga kinywa.

Picha ya pili haikufanana na ya kwanza. Kile kinyama kilikuwapo, kikubwa, kimefura. Lakini mbele yake ulipita mstari mweusi mwembamba kama uzi wa kushonea. Hiyo ilikuwa hewa.

"Basi hatakufa kesho," Musafiri alisema.

"Hatakufa kesho," daktari akakubali. "Tuko na wakati wa kufanya vizuri."

Waliporudi chumbani Nuru alikuwa ameshiba wali na amechoka kwa hofu na kucheka. Alilala kwenye benchi. Dokta Francine alivuta kiti, akaomba wanyamaze. Wakamsikiliza mtoto akikoroma mchana kweupe. Kifua kilikuwa kikizama kila alipovuta. Kisha mkoromo ukakatika. Daktari akainua kidole. Hakuna aliyepumua chumbani, hata mtoto. Halafu Nuru akastuka, akavuta hewa kwa kishindo, akaendelea. Daktari alitikisa kichwa. Alisema jambo hili picha haiwezi kulionyesha, lazima mtu aketi asikilize.

Kilichobaki kilikuwa kamera, mrija mwembamba kama unyasi, wenye taa kwenye ncha, unaopitishwa puani. Alimtia Nuru matone ya ganzi, akasubiri. Akamwambia Musafiri ampakate. Musafiri alisita. Daktari akamwambia hatamshika kwa nguvu, atampakata tu, na mtoto akikataa wataacha. Musafiri akaketi, akamweka binti yake mapajani, mikono yake mikubwa ya bandarini ikiwa imelegea kifuani pa mtoto. Nuru aliuma meno, akapiga chafya, lakini hakulia.

Kwenye kioo cha kamera waliona pango la rangi ya waridi, likiingia kwenye pango jingine. Bi Aziza alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Njo hii nyama?"

"Njo hii, mama."

Ilikuwa na mikunjo kama uyoga uliolowa, imekaa njiani kama mtu mnene mlangoni, na ukingo wake ulikuwa umelala juu ya tundu la sikio. Dokta Francine alimwonyesha sehemu ndogo iliyobaki wazi. Kisha akasema anavyoona yeye. Radio, kamera na usingizi wa mtoto vimekubaliana: nyama itolewe, kwa ajili ya pumzi na kwa ajili ya masikio. Lakini kwanza mafua yaishe, pua isafishwe kwa maji ya chumvi, majibu ya damu yaje. Na kimio hakitaguswa.

Musafiri alimtazama mkewe, kisha mama yake, safari hii bila kusema ndiyo kwa yeyote. Bi Aziza bado alikuwa akikitazama kioo.

"Siku ya kukata, mutaona hivi?" aliuliza. "Hamutapapasa?"

"Nitaweka kioo ndani ya kinywa, na taa. Nitaona kila kitu mbele ya kukata."

"Basi mukate," Bi Aziza alisema.

*

Damu ya Nuru iliganda kama ya watoto wote. Aliingizwa chumba cha upasuaji asubuhi, akiwa na kanzu ya hospitali iliyoburuta chini. Dokta Didier alikuwapo pia. Alikuwa ameomba kusaidia na kujifunza. Alipompita Ramla ukumbini alisimama, akamsalimu Bi Aziza kwa mikono miwili, akamwita mama. Bi Aziza alimjibu salamu, akamwambia akazane kuangalia.

Walisubiri kwenye ukuta wenye kivuli. Musafiri alizunguka na kurudi. Mwisho alijibanza karibu na mama yake, akaanza kuzungumza habari za Soudi, jinsi alivyokuwa akiiba sukari na kulaumu panya. Bi Aziza akakumbuka la kwake. Wakaongezeana, wakacheka kwa sauti ndogo, na Ramla akamfahamu kwa mara ya kwanza yule shemeji.

Mlango ulipofunguliwa, Dokta Francine alikuwa ameshavua barakoa. Hakungoja waulize. Alisema imetoka yote, maji ya masikio yamevutwa, damu imekoma, mtoto ameamka anadai chai. Ramla aliketi chini palepale kwenye saruji. Bi Aziza alisema alhamdulillahi, akarudia, akarudia, mpaka muuguzi akamshika mkono ampeleke ndani akaone mwenyewe.

Siku za kwanza Nuru alinuka kinywa na kusemea puani, akataka uji baridi tu. Halafu uvimbe ukashuka. Alianza kulalamika kwamba nyumba ina kelele, kwamba kuku wanapiga kelele, kwamba baba anatafuna kwa kelele. Shuleni Ramla alimwomba mwalimu amweke mbele ili ayazoee masikio yake mapya, na mwalimu, aliyesikia habari yote kwa mdomo wazi, alimhamisha siku hiyo hiyo.

Jioni moja Nuru alikuwa ameketi na bibi yake wakichambua mboga za majani. Akainua kichwa, pua ikicheza kama ya sungura. Aliuliza ni nini kile. Bi Aziza aliuliza nini. Mtoto hakuwa na jina lake. Akainuka, akafuata hewa mpaka jikoni, akainamia sufuria, kinywa kimefungwa, akavuta. Kilikuwa kitunguu kwenye mawese. Alikuwa amekila maisha yake yote.

Tangu hapo alinusa kila kitu: sabuni, vitabu, mkeka, shingo ya mama yake. Musafiri alipotoka bandarini akamkuta mlangoni, alitandaza mikono kama kawaida. Nuru alimkimbilia. Katikati ya uwanja alisimama ghafla.

"Baba, uko unanuka," alisema. "Unanuka samaki na mazuti ya mashua."

Ramla alitaka kumkemea, akashindwa kwa kicheko. Bi Aziza alikwisha kuegemea ukuta, ungo umeanguka. Musafiri alinusa kwapa lake, akakubali kosa, akabeba ndoo kwenda bafuni nyuma ya nyumba. Walimsikia akijimwagia maji na kuimba. Alitoka akiwa na shati safi, nywele zikidondosha maji, akaja kusimama mbele ya binti yake akiinamisha kichwa kama anayesubiri hukumu.

Nuru alifunga kinywa, akavuta pumzi ndefu kwa pua, taratibu, mpaka mwisho.

"Bado," alisema.

Musafiri akarudi kuoga.